Umebadilisha betri na gari imebadilika tabia? Anza na haya kabla hujatoa hela kwa fundi

Betri imekufa, umenunua mpya, imefungwa, gari imewaka, umelipa umeondoka. Hujafika mbali unaanza kuona mambo. Kioo cha dereva kilichokuwa kinapanda chenyewe ukikigusa mara moja sasa hivi mpaka ushikilie swichi, redio imejaa maandishi ya Kijapani, ukikaa kwenye foleni sailensa (mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta) inashuka mpaka gari inataka kuzima, na kwenye dashibodi kuna taa ya njano ambayo asubuhi haikuwepo. Hapo ndo mtu anarudi kwa fundi amechanganyikiwa, na kama fundi mwenyewe ni wa kubahatisha utaambiwa throto imekufa, au kontroli boksi (kompyuta ya injini) imeungua, au plagi zote zibadilishwe, na hela inatoka. Hii kitu inaniuma sana kwa sababu nimeona watu wakilipa hela nyingi kwa tatizo ambalo lingeisha kwa kuiacha gari iungurume dakika kumi pale pale ilipo.

Mara nyingi gari haina ubovu wowote, imesahau tu. Hizi gari zetu, Vitz, IST, Passo, Premio, Note, Demio, Fit, Forester, zina kompyuta zaidi ya moja na ndani yake kuna kumbukumbu za aina mbili. Kuna zile zilizoandikwa moja kwa moja, hata gari ikae bila betri mwaka mzima hazifutiki: kilomita ilizotembea, chipu ya ufunguo, programu yenyewe ya injini. Kwa hiyo mtu akikwambia ufunguo umefutika kwa sababu umetoa betri na inabidi uprogramiwe upya kwa hela, usitoe hata mia kabla hajakuonyesha kwenye mashine ya kupimia kompyuta ya gari anachokiona. Alafu kuna zile ambazo gari imejifunza yenyewe kadri unavyoitumia, throto iachie hewa kiasi gani ukiwa hujakanyaga mafuta, gia ibadilike kwa nguvu gani, kioo kinaishia wapi, stelingi ikiwa imenyooka ni wapi, vituo vyako vya redio, saa. Hizi zinategemea umeme wa betri muda wote, ukichomoa waya zinaondoka, na ndo hizo tunazozirudisha hapa.

Kabla hujachomoa chochote

Piga picha. Simu unayo mkononi, piga picha betri ya zamani ilivyokaa, namba iliyoandikwa juu yake, upande wa waya wa chanya na wa hasi, alafu washa redio piga picha skrini na vituo vyako. Namba ya betri ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Betri za gari za Japani zinaandikwa kitu kama 46B24L, ile 24 ni urefu kwa sentimita, B ni saizi ya umbo lake, na ile L au R ya mwisho inakwambia chanya na hasi zimekaa upande gani. Ukipewa R wakati gari yako inakula L, vichwa vya betri vimegeuka, waya haufiki, au mbaya zaidi unafika na unafunga kinyume, na kufunga kinyume sio suala la kuifundisha gari upya tena, hapo unaunguza fyuzi kubwa na unaweza kuua alternata (inayochaji betri) na kontroli boksi kwa mpigo. Dukani wengi watakuuliza tu NS40 au NS60, sawa, ila wewe hakikisha upande wa vichwa na unene wa vichwa pia, kuna vyembamba na kuna vinene.

Pili, toka na ufunguo wako mfukoni na acha kioo kimoja wazi. Kuna gari ukirudisha umeme zinajifunga milango zenyewe, hasa zilizofungwa alamu za madukani, na kama ufunguo umeuacha ndani ndo umejifungia nje na alamu inalia mtaa mzima.

Tatu, kama gari ina redio ya navigesheni ya Kijapani iliyokuja nayo, angalia kama kadi ya ramani ipo ndani yake. Nitarudi kwenye hili maana ndo linaloliza watu.

Zima kila kitu, toa ufunguo, subiri dakika kadhaa kompyuta zilale. Kwenye gari nyingi ndogo spana namba 10 inatosha. Anza kufungua hasi, mweusi, ndo ufuate chanya. Ukifunga unageuza, chanya kwanza, hasi mwisho. Sababu ni hii, bodi yote ya gari ni hasi, ukianza na chanya spana ikagusa chuma chochote cha gari unapiga shoti kubwa hapo hapo mkononi mwako. Kama vibanio vya waya vina ule unga mweupe wa kijani kijani, mwagia maji ya moto, piga brashi ya waya, kausha vizuri ndo ufunge. Vikaze mpaka ukivishika kwa mkono havizunguki kabisa. Kibanio kilicholegea kinaleta kila ugonjwa utakaousoma hapa chini, kila siku, na hutajua unatoka wapi.

Na sasa hili naomba ulisikie vizuri. Kuna mchezo mafundi wengi wa mtaani wanaufanya, gari imekufa betri, wanaazima betri ya gari nyingine, wanawasha, injini ikishaunguruma wanaichomoa ile ya kuazima na kurudishia mbovu au kuweka mpya huku injini inaendelea. Wanakwambia hii ndo njia ya kuhifadhi kumbukumbu. Usikubali, hata kama anakuhakikishia amefanya miaka yote. Betri ndo inayotuliza umeme wa alternata, ukiitoa injini ikiwa inaunguruma volti zinaruka juu ghafla kupita kiwango ambacho vifaa vimetengenezewa, na kinachoungua hapo ni kontroli boksi, redio, au vidaiodi vya alternata. Gari ya zamani ya kabureta inaweza kuvumilia, hizi za kompyuta unacheza kamari na kifaa cha bei mbaya.

Kama unataka kweli kumbukumbu zisipotee, njia ya salama ipo. Injini imezimwa. Chukua betri nyingine nzima ya volti 12 iweke chini pembeni, chukua waya za kubusti, chanya ya betri ya pembeni kwenye kibanio cha waya wa chanya wa gari, hasi yake kwenye chuma safi cha injini. Gari sasa inapata umeme kutoka pembeni, unaweza kutoa ya zamani na kuweka mpya bila gari kujua. Ila kumbuka kile kibanio cha chanya kina umeme muda wote kikiwa kinaning'inia, kifunge kwa kipande cha mpira au kitambaa kizito kavu kisiguse bodi, na usifungue mlango wala kuwasha chochote. Kama huna utulivu wa mikono au unafanya usiku kwa tochi ya simu, achana nayo, chomoa kawaida tu alafu ufanye kazi ya kufundisha gari upya. Ni rahisi zaidi kuliko kupiga shoti.

Sailensa, ambayo ndo kilio cha wengi

Jirani yangu mmoja hapa mtaani ana Vitz, alibadilisha betri jioni, asubuhi gari inawaka vizuri ila akiweka D na kukanyaga breki inatetemeka na kuzima, akiwasha AC ndo kabisa. Alishaambiwa anunue throto bodi. Tulichofanya ni kuiwasha, kuiacha, na kunywa chai.

Ngoja nieleze kwa nini inatokea, maana ukielewa hapa hutababaishwa. Ndani ya throto kuna kisahani kinachofungua na kufunga njia ya hewa. Ukiwa hujakanyaga mafuta kisahani kinaacha uwazi mdogo sana ili injini ipumue. Miaka inaenda, masizi yanajikusanya pembeni ya kisahani na kubana ule uwazi, kompyuta inaona injini inakosa hewa, inajifunza kukifungua zaidi kidogo, mwaka huu kidogo, mwaka ujao kidogo tena. Wewe huoni chochote, gari iko sawa. Siku unachomoa betri kompyuta inasahau yale yote na kurudi kwenye kipimo cha kiwandani, kipimo cha throto safi, lakini throto yako ina masizi ya miaka. Hewa haitoshi, sailensa inashuka, gari inazima. Ndo maana gari isiyowahi kusafishwa throto ndo inayosumbua zaidi ukibadilisha betri. Na kinyume chake pia kipo, umesafisha throto bila kuchomoa betri, kompyuta bado inafungua kwa kipimo cha masizi, sailensa inapanda juu mpaka 1500 na inagoma kushuka.

Kwa Toyota nyingi na gari nyingi za Japani dawa yake ni uvumilivu. Washa gari bila kukanyaga mafuta, AC imezimwa, taa zimezimwa, redio imezimwa, feni ya ndani imezimwa, gia kwenye P. Injini ikiwa ya baridi mshale wa RPM (mizunguko ya injini) utakuwa juu kidogo, hiyo ni kawaida, usiguse pedeli. Iache ipate joto mpaka usikie feni ya rejeta inawaka na kuzima. Hapo inatakiwa iwe imetulia kati ya 600 na 800 hivi kulingana na gari. Iache dakika kama tano zaidi. Alafu washa AC, itashuka kidogo na kupanda tena, iache dakika chache. Kanyaga breki barabara, handibreki juu, weka D, isikilize dakika mbili tatu, rudisha N, rudisha P, zima. Subiri kidogo, washa tena. Kama mwanzoni inazima kabisa kabla haijajifunza, unaruhusiwa kuishikilia kidogo sana kwa mguu mpaka ipate joto, ila achia mara tu inapoweza kusimama yenyewe.

Baada ya hapo nenda barabarani, sio mizunguko ya foleni tu, tafuta kipande ambacho unaweza kwenda spidi za kawaida, unaongeza taratibu, unaachia mafuta gari ipungue yenyewe, unasimama, unaanza tena. Gia boksi nayo inajifunza hapo. Kwenye CVT (otomatiki ya mkanda isiyo na hatua za gia) na otomatiki nyingi unaweza kusikia gia inagonga kidogo au inachelewa kushika siku ya kwanza, endesha kwa utulivu, usipige resi za hasira, itakaa sawa. Ikiwa siku kadhaa zimepita na bado inagonga, hapo tuna stori nyingine na betri haihusiki.

Nissan wana ukaidi wao. Note, March, Tiida, X-Trail na wenzao sailensa ikipotea mara nyingi haijirudi kwa kukaa tu, inabidi uifundishe kwa hatua, na mashine inafanya hii kazi haraka, ila inawezekana pia kwa mguu wako na saa ya simu. Injini kwanza iwe imepata joto lake la kawaida, gia P, stelingi imenyooka, kila kitu kimezimwa. Zima injini. Kuanzia hapa nikisema fungua swichi namaanisha taa za dashibodi ziwake bila kupiga stata, na kama ni ya kubonyeza, bonyeza mara mbili bila kukanyaga breki.

Mguu ukiwa mbali na pedeli, fungua swichi sekunde 2, funga sekunde 10, fungua tena sekunde 2, funga sekunde 10. Hapo imejua pedeli ikiachiwa iko wapi. Fungua swichi tena, funga, tulia sekunde 10, chini ya boneti utasikia throto inalia kidogo ikijifunga, hapo imejua kisahani kikifungwa kiko wapi. Sasa kubwa lenyewe. Fungua swichi, subiri sekunde 3. Kanyaga pedeli ya mafuta mpaka chini na kuachia kabisa mara 5 ndani ya sekunde 5. Achia, subiri sekunde 7. Kanyaga mpaka chini na ushikilie, taa ya cheki injini itaanza kuwaka na kuzima, endelea kushikilia, inafika kama sekunde 20 hivi itaacha kucheza na kuwaka moja kwa moja. Ikiwaka moja kwa moja tu, achia pedeli ndani ya sekunde 3 na upige stata. Usiguse mafuta, iache iungurume sekunde 20, piga resi ndogo mara mbili tatu, angalia kama sailensa imekaa. Watu wengi inawashinda kwa sababu ya muda, sekunde zikipishana inakataa na hakuna kinachotokea, hujaharibu kitu, zima subiri kidogo uanze upya. Mpe mtu mwingine akuhesabie sekunde, wewe baki na mguu tu.

Na kama throto ina masizi mengi, isafishe kwanza kwa dawa yake ya kopo kabla ya haya yote. Kwenye throto za umeme usisukume kile kisahani kwa kidole huku swichi imefunguliwa, zina meno ya plastiki ndani. Kufundisha gari juu ya uchafu utapata nafuu ya muda tu.

Vioo

Hii ni ya dakika moja na ndo inayofurahisha zaidi. Dalili, ukigusa swichi ya kioo cha dereva hakipandi chenyewe mpaka juu, na kwenye Toyota nyingi kitaa cha kwenye swichi kinawaka na kuzima badala ya kutulia. Fungua swichi ya gari, shusha kioo mpaka nusu, alafu vuta swichi kukipandisha mpaka kifunge kabisa na usiachie, endelea kuvuta kama sekunde 2 au 3 baada ya kufika juu. Achia. Kitaa kitatulia, jaribu kugusa mara moja kishuke na kipande. Kwa Mazda na Honda shusha mpaka chini kabisa kwanza, ndo upandishe na kushikilia juu hivyo hivyo. Kama gari yako vioo vyote vinne vina otomatiki, fanya kila kimoja kwa swichi ya mlango wake mwenyewe, sio ile ya dereva. Usiache mkono wa mtoto dirishani wakati unafanya hii, maana kabla hakijajifunza kioo kinaweza kisijue kusimama kikigusa kitu.

Milango ya kuteleza ya umeme ya Noah, Voxy, Alphard na mlango wa nyuma wa umeme wa Harrier, ikigoma, ifunge kwa mkono mpaka mwisho kabisa mara moja. Mara nyingi inaamka hapo hapo.

Redio ya Kijapani

Hapa ndo maumivu yalipo. Redio nyingi za navigesheni za Toyota zinazokuja kwenye gari za mtumba kutoka Japani zinasoma ramani kutoka kwenye kadi ndogo ya SD iliyo nyuma ya skrini au kwenye tundu pembeni, na nyingine za zamani kidogo zinatumia diski. Gari ikifika huku watu wanaona ile kadi ni kadi nzuri ya kuwekea miziki, wanaitoa, au inaibiwa bandarini, na redio inaendelea kufanya kazi kwa sababu haijawahi kuzimwa. Siku umechomoa betri inaamka, inaitafuta kadi yake, haioni, inaganda kwenye maandishi ya Kijapani, hakuna redio, hakuna bluetooth, hakuna kamera ya nyuma. Na nyingine zinaomba namba ya siri juu yake.

Kwa hiyo kama kadi unayo, ilinde, usiiformati, usiweke nyimbo. Kama ulishaipoteza na redio bado inafanya kazi, ndo sababu kubwa ya kutumia ile njia ya betri ya pembeni niliyoieleza juu, au kumtafuta mtaalamu wa redio kabla ya kubadilisha betri, sio baada. Ikishajifunga usibonyeze bonyeze namba za kubahatisha, maana ukikosea mara nyingi inajifunga zaidi. Piga picha ya skrini vizuri, herufi na namba zote zionekane, mpelekee mtu anayefungua hizi redio, wapo na kazi yao wanaijua, ila patana naye bei kabla na asichukue hela mpaka uone inapiga.

Honda na gari za Ulaya kama Volkswagen zinaandika CODE. Tafuta kwanza kwenye kitabu cha gari au stika ndani ya droo ya mbele, mara nyingi wenye gari wa kwanza waliibandika huko. Kwenye Honda nyingi, redio ikiwa imezimwa, shikilia kitufe cha 1 na cha 6 pamoja huku unaiwasha, itakuonyesha namba yake ya siriali, na hiyo ndo inayotumika kutafuta kodi. Ukishaipata iandike sehemu mbili, usitegemee simu peke yake.

Saa na vituo utaweka mwenyewe. Ukiona vituo vingi havishiki usidhani ni betri imeharibu, redio za Japani zinaanzia masafa ya 76 na kwa nyingi zinaishia 90, vituo vyetu vingi viko juu ya hapo, kwa hiyo kuna kifaa kidogo cha kushusha masafa kimefungwa nyuma ya redio, angalia kama waya wake haujachomoka wakati mtu anahangaika na dashibodi.

Taa za njano

Taa ya ABS (ya breki), ya VSC (ya kuzuia kuteleza) au ile yenye picha ya gari inayoteleza ikibaki inawaka baada ya betri, usikimbilie kununua sensa. Simamisha gari sehemu tambarare injini ikiwa inaunguruma, zungusha stelingi mpaka mwisho kushoto, mpaka mwisho kulia, rudisha kati, zima, washa. Kwenye Mazda hii inatosha mara nyingi. Kama bado ipo, endesha kwa kunyooka kilomita chache kwa spidi ya kawaida. Kuna Toyota ambazo zinahitaji mashine kuweka upya kipimo cha sifuri cha sensa, kwa hiyo kama imegoma baada ya hapo nenda kapime, na mwambie fundi wazi kwamba ilianza baada ya kubadilisha betri, hiyo sentensi moja inamwokolea muda na inakuokolea hela. Ila taa nyekundu ya betri au ya breki ikiwaka wakati injini inaunguruma, hiyo haihusiani na kusahau, simama uangalie.

Taa ya cheki injini ina ujanja wake. Kama ilikuwa inawaka kabla na sasa imezimika, tatizo halijaisha, limefutwa tu kwenye kumbukumbu na litarudi gari ikishajipima upya. Na hii wauzaji wasio waaminifu wanaitumia sana, wanachomoa betri asubuhi kabla mteja hajaja kuangalia gari. Ukienda kununua gari ukakuta saa inasoma 1:00 au 12:00 na hailingani kabisa na muda, tripu zote ziko sifuri, vituo vya redio havipo, na wastani wa mafuta umefutika, uliza betri imechomolewa lini na kwa nini, na usilipe kabla haujaiendesha ya kutosha na kuipima kwa mashine.

Gari zinazozima zenyewe kwenye taa, na za Ulaya

Kama gari yako ina ule mfumo wa kuzima injini ukisimama, Mazda wanauita i-stop, betri yake sio ya kawaida. Juu yake utakuta imeandikwa Q-85 au M-42 au N-55 na kadhalika. Ukiweka NS60 ya kawaida gari itawaka na kutembea lakini betri itachoka mapema, na mfumo wenyewe unaweza kugoma. Ukiweka ya sahihi mfumo unaweza kukaa siku kadhaa haufanyi kazi mpaka gari iipime betri yenyewe, na baadhi zinahitaji mashine kufuta hesabu ya betri ya zamani. Kama hutaki huo mfumo kabisa, kuna kitufe cha kuuzima, ila utakibonyeza kila ukiwasha.

BMW, Audi na Land Rover za miaka ya karibuni, hapa usijaribu ubishi. Kwenye waya wa hasi kuna sensa inayohesabu umri na afya ya betri, na kompyuta inachaji kulingana na hiyo hesabu. Ukiweka mpya bila kuisajili kwa mashine gari inaendelea kuichaji kama ile kongwe, na betri ya bei ghali inakufa kabla ya wakati wake. Kabla hujanunua muulize muuzaji anayo mashine ya kusajili au hana.

Prius nyingi betri yake ndogo ya volti 12 iko nyuma kwenye buti, na buti lenyewe linafunguka kwa umeme, kwa hiyo ikifa kabisa hufungui. Chini ya boneti ndani ya boksi la fyuzi kuna sehemu ya chanya yenye kifuniko, busti kutoka hapo uweze kufungua. Na betri yake ina kimrija cha kutolea hewa nje maana inakaa ndani na abiria, ukiweka mpya rudishia kile kimrija, mafundi wengi wanakiacha kinaning'inia.

Ukishamaliza yote pima kwa mita, mita ya bei rahisi inatosha. Asubuhi kabla hujawasha, gari ikiwa imelala usiku mzima, betri mpya isome kama 12.5 kupanda. Washa, isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikisoma 12 na kitu muda wote injini inaunguruma, kwa gari nyingi alternata haichaji na hiyo betri mpya nayo itakufa kama ya kwanza, na ikipita 15 inachaji kupita kiasi, usiendelee kuitumia. Ikiwa inachaji vizuri ila asubuhi imeshuka sana, kuna kitu kinakula umeme usiku, na vya kwanza kuangalia ni taa ya buti, alamu iliyofungwa mtaani na ile redio mpya uliyowekewa baada ya ya Kijapani kujifunga.